Jembe Liko Wapi?

Slaidi ya kumi na moja ilikuwa na maneno matatu tu ya Kiswahili, herufi nyeupe juu ya picha ya jahazi.

"Mgeni siku mbili."

Mtoa mada, profesa aliyealikwa kutoka chuo kingine, aliyasoma taratibu, na kusema kweli aliyatamka vizuri kuliko nilivyotegemea. Akaeleza kuwa huu ni usemi wa watu wa pwani ya Afrika Mashariki, na kwamba maana yake ni hii: ugeni una siku mbili tu, ya tatu ikiingia mgeni si mgeni tena, keshakuwa mtu wa nyumba ile. Akauita ukarimu usio na masharti. Watu wakawa wanaandika. Kalamu zilisikika.

Kisha akanitazama. Alijua natoka Tanga kwa sababu mimi ndiye niliyekwenda kumpokea uwanja wa ndege jana yake, na njia nzima tuliongea habari za bandari na minazi. Akatabasamu, tabasamu la mtu aliyemwona shahidi wake keshafika kizimbani. Watu kama thelathini na tano wakageuza shingo.

Nikaitikia kwa kichwa.

Akaenda slaidi ya kumi na mbili.

Wewe unayesoma hapa huhitaji kumaliziwa methali hiyo. Mtoto wa darasa la tatu anaimalizia huku anasinzia. Lakini mle ukumbini, aliyejua kwamba mbele ya maneno yale kuna jembe ni mimi peke yangu, na mimi ndiye niliyelifukia, mchana kweupe, mbele ya mkuu wa idara.

Hii ni wiki ya sita. Bado naliona mpini wake.

## Alhamisi, saa kumi alasiri

Niko mwaka wa nne wa shahada ya uzamivu katika fasihi ya Kiingereza, kwenye chuo kimoja cha Marekani, upande ambao ukitoka nje ya mji ni mahindi, halafu mahindi, halafu mahindi tena. Tangu mwaka jana mimi ndiye mratibu wa mihadhara kwa upande wa wanafunzi. Cheo hicho kikitajwa Tanga, watu wanaona mambo yangu yamenyooka. Ukweli wake ni kwamba napanga viti arobaini, natafuta waya wa projekta ambao kila wiki umepotea, natoa nakala za karatasi za nukuu, nakata jibini vipande vipande, nafungua chupa za mvinyo nisioonja, na mgeni akitua namfuata kwa gari la kuazima.

Mihadhara ni mingi. Iko ya mchana, kila mtu anakuja na chakula chake kwenye mfuko, na mtoa mada anaongea huku watu wanatafuna. Iko ambayo makala husambazwa wiki nzima kabla, kwa hiyo siku yenyewe hapasomwi kitu, watu wanaingia moja kwa moja kuichambua. Iko ya mazoezi, ya wenzetu wanaokwenda kutafuta kazi: tunajifanya sisi ndio jopo, tunawakaba kwa maswali, halafu tunawapa pole. Na ikifika Januari na Februari wanakuja wenyewe waombaji wa kazi. Hiyo ndiyo inayotisha. Mtu anatoa mhadhara, anaulizwa, kisha anapelekwa chakula cha jioni ambacho nacho ni usaili, ila wenyewe hawasemi. Nilimwona mmoja akijibu swali juu ya riwaya za karne ya 19 na uma wake mkononi, kipande cha samaki kimening'inia, kikashuka sahanini bila kufika mdomoni. Chakula kizima hakula zaidi ya mkate.

Ambaye hajasoma fani hizi hushangaa jambo moja: hapa mtoa mada *anasoma*. Ana karatasi, anasoma neno kwa neno. Ukurasa mmoja uliochapwa kwa nafasi mbilimbili unakula kama dakika mbili, kwa hiyo aliyepewa dakika ishirini kwenye kongamano anajua akipita kurasa kumi ataaibika. Mwaka wa kwanza niliona ni uvivu. Kwetu mtu akisoma karatasi mwanzo mwisho tunasema hakujiandaa. Nilichukua muda kuelewa kwamba hawa, kwao, sentensi yenyewe ndiyo kazi. Wameisuka wiki tatu, hawawezi kuiachia mdomo uiharibu.

Halafu yanakuja maswali. Maprofesa kwanza, wanafunzi baadaye. Hakuna kanuni iliyoandikwa. Ni kama nani anatangulia kunawa mikono: hakuna anayesema, na hakuna anayekosea.

Baadaye watu wanakula jibini na kuondoka. Wanaobaki ni sisi, pamoja na mwenzetu mmoja wa mwaka wa sita ambaye ufadhili wake umekwisha. Huyo huja na kopo lake la plastiki. Husubiri wakubwa watoke, ndipo anapakia zabibu na vipande vya jibini vilivyosalia, na sote hujifanya tunakunja viti.

## Misitu au mashamba

Laiti idara hii ingekuwa na desturi ya kuachia makosa yapite, nisingekereka hivi.

Muhula uliopita mgeni mwingine alifunga mhadhara wake kwa mstari wa mwisho wa shairi la maombolezo la Milton, mshairi wa Kiingereza, lile lililochapishwa 1638, pale mchungaji anapojiambia kwamba kesho atakwenda kwenye misitu mipya na malisho mapya. Yule bwana akasema *mashamba* mapya. Ni kosa maarufu, watu wengi wamelizoea hivyo. Kabla hata makofi hayajakwisha, profesa wetu mmoja mstaafu, ambaye huja kwa mkongojo na hukaa kiti kilekile cha mbele, akanyanyua kidole.

"Misitu," akasema. "Aliandika misitu."

Mgeni akacheka, akaomba radhi, akashukuru. Hakuna aliyeona amevunjiwa heshima. Zikapita dakika tano nzima watu wakijadili kwa furaha kwa nini ndimi za wasomaji zimelivuta neno lile kutoka msituni kwenda shambani, na kwa nini inajalisha. Nami nilifurahi. Niliondoka nikijiambia: hii ndiyo sababu nilikuja huku. Watu wanaojali neno moja.

Neno moja la Milton lilipewa dakika tano. Nusu nzima ya methali yangu, pamoja na jembe lake na siku yake ya tatu, haikupewa hata sekunde, na aliyeinyima ni mimi.

## Adabu, au woga?

Usiku ule nilijitetea vizuri sana. Nilijiambia ni malezi.

Bibi yangu, Mungu amrehemu, akimwona mgeni amejifunga kanga maandishi yameangalia chini, hakusema kitu sebuleni. Alimwita chumbani, "hebu njoo nikuoneshe jambo," na mgeni akatoka kanga imekaa sawa, hakuna aliyejua. Ndivyo nilivyofunzwa. Mtu haumbuliwi mbele za watu, seuze mgeni, seuze mtu mzima, seuze aliyekuja kwa ndege mbili.

Kwa hiyo mpango wangu ulikuwa kumwambia pembeni. Nilifikiri nitamwambia wakati wa chakula cha jioni. Tulikuwa wanane, nikakalishwa mwisho wa meza karibu na mlango wa jikoni. Nikasema basi kesho, nikimrudisha uwanja wa ndege. Asubuhi nikakuta ujumbe: amechukua teksi alfajiri asinisumbue. Mtu mwema kabisa. Hilo nalo liliniuma.

Ila tuache unafiki. Bibi alimwita mgeni chumbani *dakika ileile*. Mimi nilisubiri, na kusubiri kwangu kulikuwa na raha ndani yake. Maana wakati zile shingo zinageuka nilijisikia mtu. Miaka minne nakaa kwenye ukumbi ule nikisikiliza watu wakitajiana vitabu ambavyo sijasoma, nikiandika pembeni majina ya kwenda kuyatafuta. Siku ile, kwa mara ya kwanza, mimi ndiye niliyekuwa na kitu. Na nilichofanya nacho ni kukigonga muhuri.

Muhuri wa mpira hauulizwi umesoma barua au hujasoma.

Wiki ya pili baada ya hapo ndipo lilipoacha kuwa jambo la moyoni mwangu tu. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, binti mwenye bidii, alinitumia makala yake ya semina nimsomee. Juu kabisa, chini ya kichwa, kwa herufi za mlazo: *Mgeni siku mbili.* Na chini ukurasani, kwenye tanbihi, ameandika kwamba tafsiri hiyo ilithibitishwa na mzawa wa lugha aliyekuwepo ukumbini.

Mzawa wa lugha ni mimi. Nimeshakuwa tanbihi.

Yeye nilimwambia palepale. Alisikiliza, akasema "oh", akauliza kama anaweza kubakiza maneno yale kwa sababu makala nzima ameijenga juu yake. Nikamwambia ni yake, aamue. Sijui alivyoamua.

## Sina swali, nina mchango

Nimejiuliza sana kama ningekuwa nyumbani ingekuwaje.

Kwetu mtu hanyanyuki kuuliza, hunyanyuka *kuchangia*. "Mheshimiwa mwenyekiti, itifaki imezingatiwa, mimi sina swali, nina mchango." Hapo ujue kazi imeanza. Mchangiaji ataanzia Uhuru, apite Azimio la Arusha, amtaje mwalimu wake wa sekondari, na mwenyekiti atagonga meza mara tatu, "ndugu mchangiaji, dakika moja tafadhali," naye atasema "namalizia" na hatamalizia. Nilipokuwa Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nilikuwa nacheka na wenzangu safu za nyuma. Tulihesabu mtu amesema "namalizia" mara ngapi.

Hapa mtu akianza na "hili si swali hasa, ni maoni," ukumbi unajikunja. Ni mzaha unaojulikana wa vyuo vyao. Mwaka wa kwanza nilijifunza haraka: kila ulichonacho kigeuze swali. "Ningependa kusikia zaidi kuhusu..." "Nashangaa kama..." Mpira unarudi kwa mtoa mada, na wewe unakaa.

Nina wasiwasi kwamba umbo hilo la swali lilinibana siku ile kuliko nilivyodhani. Jembe langu halikuwa na swali ndani yake. Ningelifanyaje? "Je, umewahi kusikia sehemu ya pili ya methali hii?" Huko ni kumtega mtu. Nilichokuwa nacho kilikuwa mchango, wa sekunde kumi, usiohitaji hata itifaki. Na hapa mchango hauna mlango wa kuingilia, isipokuwa una mkongojo na kiti chako cha mbele.

Hata hivyo sitaki kupamba kwetu. Ningekuwa Ukumbi wa Nkrumah, na mtoa mada ni profesa aliyenifundisha, ninayemwamkia shikamoo kwenye ngazi, ningenyanyuka kumwambia methali yako umeikata? Ningechangia, ndiyo. Ningeanza kwa kumshukuru kwa mada nzuri, ningezunguka mpaka Korogwe, na lile jembe lingebaki mfukoni.

Tunaoweza tunawajua. Malenga. Mtu akitoa shairi lina kasoro, anajibiwa kwa shairi, kwa vina vilevile, na aliyejibiwa hanuni, anajibu tena. Kukaa kimya ndiko kulikokuwa kushindwa.

## Mwaka 1962

Nikaanza kufukua, maana ndiyo tabia ya kazi yetu: likikuuma, lisome.

Methali ile ilishawahi kuwekwa mbele ya wasomaji wa Kiingereza, tena nzima. Aprili 1962 Nyerere alitoa kijitabu chake cha kueleza ujamaa ni nini, akaiandika kwa Kiswahili ndani ya Kiingereza chake, siku mbili na jembe lake, kisha akaifasiri. Akaongeza neno ambalo nilikuwa nimelisahau kabisa: kwamba mara nyingi mgeni mwenyewe aliomba jembe kabla ya kupewa, kwa sababu alijua anatarajiwa afanye nini na angeona haya kuendelea kukaa bure.

Mgeni aliomba jembe.

Nilisoma sentensi hiyo maktaba, ghorofa ya tatu, nikafunga kompyuta, nikatoka nje nikazunguka jengo mara mbili kwenye baridi.

Miezi miwili baadaye, Juni 1962, ndipo lilipofanyika Makerere lile kongamano la waandishi wa Kiafrika wanaoandika kwa Kiingereza. Ngũgĩ wa Thiong'o, yule mwandishi wa Kenya, alikuwa bado mwanafunzi palepale, idara ya Kiingereza. Alialikwa kwa sababu ya hadithi fupi zilizokwisha kuchapishwa, na kwenye mkoba alikuwa na mswada wa riwaya. Akampelekea Chinua Achebe, mwandishi wa Nigeria, ausome. Achebe akausoma, akampa maoni, na kitabu kikatoka 1964. Nikiwa mratibu wa mihadhara naliona tukio hilo kuwa ndilo lenye faida kuliko yote ambayo mwanafunzi amewahi kuyapata kwenye hafla ya idara, na sina shaka hakuna aliyekumbuka ni nani alipanga viti.

Shaaban Robert hakuwepo. Hakuandika kwa Kiingereza, kwa hiyo jina la kongamano lenyewe lilikuwa limekwisha mfungia mlango. Ngũgĩ alikuja kulisema hilo miaka ya baadaye. Shaaban alifariki mwezi uleule. Sisi watu wa Tanga hatuwezi kuupita mwaka huo hivihivi.

Kisha 1968. Waraka wa Ngũgĩ, Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong, wa kutaka Idara ya Kiingereza ya Nairobi ifutwe, hapa tunausomesha wanafunzi wa mwaka wa kwanza kila msimu wa vuli, na nilidhani naujua. Safari hii macho yaligonga sentensi ya kwanza. Waraka unaanza kwa kusema kwamba haya ni *maoni* juu ya makala iliyowasilishwa na kaimu mkuu wa Idara ya Kiingereza kwenye kikao cha bodi ya kitivo, Septemba mwaka ule.

Maoni. Si swali.

Walinyanyuka kuchangia! Nilicheka peke yangu mpaka jirani wa meza ya pili akatoa spika masikioni.

## Nusu ya haki

Wiki ya nne likaja jambo lililonivuruga zaidi. Nilianza kuona kwamba mtoa mada hakukosea kama nilivyokuwa najisimulia.

Hebu fikiri. Mgeni anapewa jembe siku ya tatu, anakwenda shamba na wenyeji. Jioni anarudi nao, matope miguuni kama yao, anakula kilekile. Huyo bado mgeni? Si ndiyo ugeni wake umekwisha? Alichosema yule profesa, kwamba siku ya tatu mtu anakuwa wa nyumbani, kipo. Alichokosa ni gharama yake. Aliona mlango umefunguka, hakuona kilichoufungua.

Na mimi nilikuwa najiandaa kwenda kumsahihisha kama mwalimu wa zamu, "methali ni ya kuhimiza kazi, basi," kama tulivyoandikiwa ubaoni. Ningekuwa nimekata upande wa pili.

Hapo ndipo nilipofungua barua pepe. Ya kwanza ilikuwa na aya sita, nne ni za kuomba radhi. Nikaifuta. Ya pili ilikuwa na Nyerere, Makerere na waraka wa Nairobi. Ilikuwa mhadhara, nikaifuta. Ya tatu ilikuwa mistari mitano. Nilimwambia methali ina nusu ya pili, nikaiandika. Nikamwambia niliitikia kwa kichwa na sikupaswa. Nikamwambia nadhani hoja yake inasimama vizuri zaidi jembe likiwemo.

Nikatuma saa sita usiku, nikazima simu kama mtu aliyetuma posa.

Jibu lilikuja kesho yake mchana. Refu, la uungwana. Maneno yale matatu aliyakuta yamenukuliwa hivyohivyo kwenye makala ya mtu mwingine, naye akayachukua. Alifurahi. Alitaka kuandika upya sehemu nzima. Na mwishoni akauliza swali ambalo tangu hapo ndilo linaloninyima usingizi badala ya lile la kwanza:

Angependa kunitaja kwenye makala. Anitaje vipi: kama mzungumzaji wa lugha, au kama mtafiti?

## Siku ya saba

Nilijibu "mtafiti" bila kufikiri. Vidole vilitangulia.

Kisha aibu ikanishika, maana mtafiti ni yupi? Methali ile nina hakika ni sehemu tu. Kwetu kuna shairi lake zima, la siku moja mpaka siku kumi. Nikajaribu kulisema kwa sauti pale chumbani. *Mgeni siku ya kwanza, mpe mchele na panza.* Sawa. *Siku ya nne, mpe jembe akalime*. Tazama, kwenye shairi jembe liko siku ya nne, si ya tatu. Na ya kumi, *kwa mateke na magumi*, ambayo tukiwa watoto tuliipigia kelele kuliko zote. Katikati mote, giza. Miaka minne nalipwa kusoma mashairi ya watu, na la nyumbani kwetu nina beti tatu.

Nikampigia mama. Kwao Makorora, Tanga, ilikuwa asubuhi, nilisikia mtu anafagia. Nikamweleza ninachotaka.

"Wazungu wanataka la mgeni?"

"Ndiyo mama."

"La nini?"

Nikasema ni la kazi. Akasema hana nafasi sasa, ana maandazi jikoni, atanirekodia.

Ujumbe wa sauti uliingia saa tano baadaye, dakika tatu na nukta. Nyuma kuna redio na kuku. Anaanza kwa kukohoa, kisha anakwenda, si kwa kusoma, kwa mahadhi ya bibi kabisa. Siku ya pili, maziwa na samli. Ya tatu, nyumbani hamna kitu. Ya nne, jembe. Nikasimamisha hapo kidogo, nikaandika. *Mgeni siku ya tano, mwembamba kama sindano.* Nikacheka, ufadhili wangu unaisha mwaka wa tano. Siku ya sita, *mkila mkajificha*. Hapo sikucheka, nikamwona mwenzetu na kopo lake.

Halafu siku ya saba. *Si mgeni, ana baa.*

Nikarudisha nyuma, nikasikiliza tena. *Si mgeni.* Maneno yaleyale ya yule profesa, mgeni si mgeni tena, yamo kwenye shairi, herufi kwa herufi. Ila yako siku ya saba, na maana yake ni kwamba amegeuka balaa, atakuunguzia nyumba.

Kwa hiyo alikuwa na haki, na hakuwa nayo, na mimi vilevile, na shairi limetupita wote kwa siku nne. Jambo hili nitalipeleka Alhamisi moja muhula ujao, kwenye ile mikutano ya makala zinazosambazwa kabla. Nimeshaandika jina langu kwenye ratiba. Ratiba naiandaa mimi, kwa hiyo hakuna aliyenizuia. Na panza nitalazimika kulieleza: samaki anayeruka juu ya maji, mwembamba, wa mafuta kidogo. Naamini ndilo watakaloniuliza kwanza.

Baada ya siku ya saba mama anasema ya nane na ya tisa zimemtoka, atamuuliza jirani, yule mzee wa upande wa kisimani, kama ameamka salama. Kuku anapita karibu na simu. Kisha kabla hajakata, kwa sauti ya kawaida tu, kama anauliza kama nimekula:

"Na wewe huko, uko siku ya ngapi?"

Nimeanza kumwandikia jibu mara tatu. Leo ni Alhamisi. Saa tisa na robo sasa, na waya wa projekta haupo kwenye droo.